Binti amekubaliwa kambi ya muziki ya wiki sita, na bati za mama mkwe zinavuja

Assalaam alaykum Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Unguja, na tunaishi Columbus, Ohio. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu ya usiku. Mume wangu anaendesha lori la mizigo, wiki hii yupo, wiki ijayo hayupo. Hatulali na njaa, alhamdulillah, lakini pesa yetu huwa ishagawanywa kabla haijaingia.

Binti yangu mkubwa ana miaka 15, yuko darasa la kumi, na anapiga viola. Kwa wasioijua, ni kama fidla, ila kubwa kidogo na sauti yake nzito. Aliipata skuli kwa sababu fidla zilikuwa zishagaiwa zote, ikabaki hiyo ambayo watoto wengine hawakuitaka. Nikadhani ni mchezo wa mwaka mmoja. Leo yumo kwenye okestra ya vijana ya mji, na mwalimu wake, mama wa Kimarekani anayemfundisha kila Jumamosi kwa bei ya huruma, ndiye aliyemwambia aombe kambi za muziki za kiangazi. Mwezi wa kwanza walirekodi video za maombi sebuleni kwetu, wadogo zake tumewafungia chumbani na katuni ili wasipige kelele.

Amekubaliwa sehemu mbili. Ya kwanza ni kambi kubwa katika jimbo jingine, wiki sita, dola 9,800 kwa masomo, malazi na chakula. Wamempa msaada wa dola 4,000, kwa hiyo zinabaki 5,800. Ya pili iko chuo kimoja hapa hapa Ohio, mwendo wa saa mbili kwa gari. Ni ya wiki mbili, dola 1,900, bila msaada wowote. Yeye moyo wake uko kwenye ile ya wiki sita. Wanataka dola 500 za kushika nafasi kabla ya mwisho wa Aprili, na hizo hazirudi.

Benki tuna dola 4,200, na si za muziki. Ni za bati za nyumba ya mama mkwe, Fuoni. Masika haya bibi wa watu analala na ndoo kando ya kitanda. Tulimuahidi kwamba kabla ya mvua za vuli nyumba itakuwa imeezekwa upya, na fundi tushazungumza naye. Mume wangu akisikia habari za kambi anasema, "Mama yangu anyeshewe ili mtoto akapige muziki wa watu msituni?" Halafu ananitania kwamba mcheza kwao hutunzwa, aende hapo karibu inatosha. Linalomkera zaidi, nadhani, ni mtoto wa kike kulala nje ya nyumba wiki sita.

Dada yangu aliye Minnesota anasema tuchangishe kwenye grupu la WhatsApp la Wazanzibari. Lakini grupu hilo juzi limetoka kwenye msiba, na kuna harusi mbili zinasubiri. Naona aibu kuomba watu wanichangie kambi.

Kauli inayoninyima usingizi ni ya mwalimu: "Asipokwenda mwaka huu atachelewa." Wenzake walianza wakiwa na miaka minne na wana ala zao wenyewe. Yeye hata hiyo viola ni ya skuli, kila Juni anairudisha. Mwaka jana mwalimu alimuazima yake ya akiba.

Binti mwenyewe hasemi kitu. Barua ya kambi ameibandika ndani ya mlango wa kabati lake la nguo. Sisi kwetu kila karatasi muhimu hubandikwa kwenye friji. Niliiona nilipokuwa natafuta shuka. Ni mtoto mzuri, Shangazi, kiangazi ndiye anayekaa na wadogo zake wa miaka minane na mitano mimi nikiwa nimelala mchana. Sitaki kumvunja moyo, na sitaki kuvunja ahadi ya mume wangu kwa mama yake. Nifanye nini?

Mama niliye njia panda, Ohio

*

Waalaykum salaam, mwanangu.

Nimeisoma barua yako taratibu. Kwa nilivyoielewa, una fungu moja la pesa na ahadi mbili. Ya mama mkwe ilitamkwa, ina fundi na ina tarehe. Ya binti haikutamkwa na mtu, lakini ilianza siku mlipowafungia wadogo chumbani mkarekodi. Mtoto akishaona nyumba nzima imenyamaza kwa ajili yake, anajua jambo hili limekubalika. Ndiyo maana linakuuma, na haliwezi kutatuliwa kwa kusema tu kwamba bati ni lazima na muziki ni anasa.

Kwanza tuikague hiyo bei, maana naona 5,800 siyo bei yenyewe. Kuna safari ya kwenda na kurudi, yake na ya anayempeleka. Kuna seti ya nyuzi mpya, na za viola ni ghali kuliko za fidla. Kuna upinde wa kupigia, ambao nywele zake za farasi hubadilishwa zikichakaa, kuna nguo nyeusi za maonyesho, bima ya ala, na pesa ya mfukoni ili asiwe mtoto pekee anayekunywa maji ya bomba wenzake wakinunua aiskrimu. Hivyo vyote ni vidogo. Kikubwa umekitaja kwa sentensi moja, tena mwisho kabisa wa barua: kiangazi yeye ndiye mlezi wa wadogo zake ukiwa umelala.

Mwanangu, hiyo ni ajira. Akiondoka wiki sita, nani atakaa na mtoto wa miaka mitano saa nne asubuhi wakati wewe umetoka zamu na macho hayafunguki? Ukimlipa mtu, bei za Columbus unazijua kuliko mimi, na huenda hesabu ikalipita hata hilo pengo la ada. Usipomlipa mtu, utalala saa tatu kwa siku ukawainue wazee usiku, na hilo ni hatari kwako na kwao. Sisemi hivyo ili nikuogopeshe. Nasema kwa sababu kambi ya wiki mbili na ya wiki sita, zikitazamwa kwa jicho hili, haziachani kwa ada peke yake. Wiki mbili unaweza kuomba likizo, au mume akapanga safari zake. Wiki sita zinataka mtu wa kuzibeba.

Sasa kauli ya mwalimu. Mimi ningemuuliza, kwa heshima: atachelewa nini hasa? Kama binti anataka kusomea muziki chuoni, usaili wa vyuo vingi vya muziki hufanyika majira ya baridi ya mwaka wa mwisho wa sekondari. Yuko darasa la kumi, kwa hiyo ana kiangazi hiki na kijacho. Mwalimu hajakosea kwamba muda si mwingi, lakini mlango haufungwi Agosti hii. Na kama binti anaupenda muziki ila anataka kuwa daktari au mhandisi, hakuna anachokichelewa. Hilo hujaniandikia, na pengine hujamuuliza.

Tena kambi hazifanani, ingawa picha zao zote zina miti na ziwa. Zipo ambazo uhai wake ni okestra kubwa, kama Interlochen ya Michigan, inayopokea vijana tangu 1928. Huko mtoto anajifunza kukaa kati ya wengi na kupiga kazi kubwa kwa muda mfupi. Zipo ambazo uhai wake ni mazoezi ya mtu peke yake, kama Meadowmount katika jimbo la New York, iliyoanzishwa mwaka 1944 na mwalimu wa fidla Ivan Galamian. Sifa yake ni mazoezi ya saa tano kwa siku, kila mtu chumbani kwake, na kuna watu wanaopita koridoni kusikiliza kama kweli unapiga. Itzhak Perlman, mpiga fidla mashuhuri duniani, alipitia huko. Halafu zipo za vikundi vidogo: fidla mbili, viola moja, cello moja (ala kubwa ya nyuzi inayopigwa mtu ameketi), na mwalimu ameketi mbele yenu. Kwa mpiga viola hii ya mwisho ni shule kubwa, maana kwenye okestra anaweza kujificha nyuma ya wenzake, lakini kwenye kundi la wanne sauti ya kati ni yake peke yake, na akikosea kila mtu amesikia.

Kwa hiyo swali la kumpelekea mwalimu ni lipi kati ya hayo linampungukia binti yako. Kama ni kupiga kwenye okestra, tayari anayo ya mji. Kama ni kundi dogo, uliza ile kambi ya chuo cha karibu inatoa nini kwenye wiki mbili zake. Kama ni mwalimu fulani ambaye baadaye anataka kusoma kwake, uliza kama yupo kiangazi hiki na kama atamfundisha yeye mwenyewe, maana majina makubwa kwenye tangazo mara nyingine hufundisha wachache tu. Wiki sita zilizojaa kisichompungukia zitampa marafiki na furaha, na hilo nalo si dogo, ila tujue tunanunua nini.

Jambo jingine ulilolichukulia kama limekwisha ni huo msaada wa dola 4,000. Barua ya kwanza ya msaada si lazima iwe ya mwisho. Kambi nyingi hupokea maombi ya kuangaliwa upya, na baadhi ya waliokubaliwa hukataa nafasi zao mwezi huu huu wa nne, kwa hiyo fedha zao hurudi mezani. Andikeni wenyewe, kwa tarakimu: kipato, watoto wangapi, nani mnamtunza nyumbani Zanzibar, na kama saa za ziada za mume zimepungua kuliko walizoziona kwenye karatasi za kodi, wekeni hati za mshahara za miezi hii. Ukiulizwa familia inaweza kutoa kiasi gani, taja kiasi mnachokiweza kweli, siyo kile mtakachokopa. Uliza pia kama upo mpango wa kulipa kwa awamu, na kama anaweza kuja nusu ya muda. Interlochen, kwa mfano, ina vipindi vya wiki chache mbali na vile virefu, na wengine wanao utaratibu kama huo. Na wapiga viola ni wachache kuliko wa fidla kila mahali. Okestra yenye fidla thelathini na viola tatu ina shida, na wenye kambi wanaijua. Usilitaje hilo kwenye barua, lakini likutie nguvu unapoiandika.

Hatari yake ni moja: jibu linaweza kuja baada ya siku ya dola 500. Waombe wakuongezee muda kabla ya siku hiyo kufika. Mimi binafsi singelipa kishika nafasi kisichorudi kabla ya kujua nani atakaa na wadogo, lakini pesa ni zenu.

Kuhusu michango, aibu yako naielewa, na naona ina maana. Mchango wa msiba unarudishwa kwa msiba, kila mtu anajua daftari lake. Mchango wa kambi hauna daftari. Ukishauchukua, binti anakuwa mtoto wa grupu zima, na siku akisema amechoka na viola kila mtu atakuwa na la kusema. Kwa upande mwingine, sisi watu wa pwani tunajua kumtunza mpiga ala mbele ya macho yetu. Apige Sikukuu ya Idi sebuleni kwa mtu, kipande kimoja cha masomo yake na kimoja cha taarab ambacho bibi zake watakitambua, mwenye kutunza atunze. Haitafika 5,800. Inaweza kufika nyuzi na nauli, na hakuna aliyeombwa. Umuulize yeye kwanza kama anataka, maana wapo watoto ambao wangependa ardhi ipasuke kuliko kuwapigia shangazi zao.

Kwa mume wako nina maneno kidogo. Hilo la muziki wa watu silichukulii kwa uzito, na nadhani hata yeye. Klabu ya Ikhwani Safaa iliasisiwa Unguja mwaka 1905, na fidla ni sehemu ya taarab yake. Mtu wa Unguja hawezi kusema upinde ni kitu cha kigeni. Wewe mwenyewe umehisi kinachomkera ni kingine, na hapo nadhani ana haki ya kupata majibu. Mabweni ya wasichana yakoje na nani analala nao? Simu zinaruhusiwa saa ngapi, maana baadhi ya kambi hubana sana simu? Chakula halali kipo? Sehemu ya kusali? Baadhi ya kambi zina sare. Je, anaweza kuivaa na hijabu na suruali ndefu? Kambi zinazojiheshimu zimezoea maswali haya. Ningependa apige simu yeye baba, kwa sauti yake, asiletewe majibu na wewe. Baba akisikia mwenyewe, akikubali amekubali, na akikataa utajua amekataa nini.

Na bati? Umeandika kana kwamba mama mkwe atapata zote au atakosa zote. Muulizeni fundi kama kuna upande unaovuja zaidi, ule wa juu ya kitanda, na kama unaweza kuezekwa kwanza. Nafundishwa na mafundi wengi kwamba kazi ya vipande hugharimu zaidi mwisho wa safari, kwa hiyo usiione kama njia rahisi. Kuna pia la kumwambia mama mkwe mwenyewe. Labda atasema mjukuu aende, labda atasema amechoka na ndoo. Ila akisema aende, kumbuka bibi wa Kiunguja hasemi vingine mbele ya mjukuu. Msikilize na jinsi alivyosema.

Ikiwa mwaka huu itakuwa wiki mbili, au isiwe kabisa, mwaka ujao msianze tena mwezi wa kwanza kwa kuangalia matangazo yenye picha nzuri. Anzeni na zile ambazo hazitozi. Carnegie Hall, ukumbi wa muziki wa New York, ina okestra ya taifa ya vijana inayoitwa NYO2, ya miaka 14 hadi 17, na kushiriki ni bure. Maombi yake huanza mapema, miezi ya mwisho ya mwaka, na ina masharti ya ukaazi ambayo myasome. Shirika la Sphinx, lililoanzishwa Michigan miaka ya 1990 na mpiga fidla Aaron Dworkin, lina kambi ya wapiga ala za nyuzi wa miaka 11 hadi 17, na lilianzishwa likiwalenga vijana weusi na Walatino, kwa ufadhili kamili. Kuingia ni kwa ushindani mkali, sikufichi. Lakini mwalimu anayesema "atachelewa" ndiye pia wa kumwandaa kwa video hizo kuanzia Septemba. Na kama hofu yako ya mbali ni ada ya chuo, jua kwamba Curtis, shule ya juu ya muziki huko Philadelphia, haitozi ada ya masomo tangu 1928. Wanaoingia ni wachache mno, ndiyo, ila hawachaguliwi kwa kambi walizolipia.

Nimemwacha binti mwisho kwa sababu yeye ndiye niliyemwona kidogo sana kwenye barua yako. Najua mwalimu alisema nini, baba alisema nini, dada wa Minnesota alisema nini. Yeye ameficha karatasi kabatini. Inawezekana anaitaka sana hiyo kambi na ameshajifunza kutoitaka kwa sauti. Inawezekana pia anataka wiki sita za kuwa na miaka 15, bila mtoto wa miaka mitano kwenye mapaja, na viola ndiyo mlango wa heshima aliouona. Haya ni matakwa mawili tofauti na yote ni halali, lakini la pili linaweza kutimizwa kwa njia nyingine hata asipotoka Ohio. Mkae naye wawili, usimuulize "unataka kwenda?" maana atakuambia "vyovyote mama." Mpe hesabu yote, na za wadogo zake, na za bati, halafu muulize yeye angeipangaje. Anaweza kulemewa, ni kweli. Ila mtoto anayekaa na wadogo zake kiangazi kizima keshabeba mengi bila kuonyeshwa hesabu.

Umeniuliza ufanye nini, lakini mimi sikuchagulii. Kuna familia nyingine kwenye nafasi yenu ambayo ingempeleka wiki sita na ikapona, na nyingine ingeezeka nyumba na mtoto asiwahi kulalamika. Sijui ninyi ni ipi.

Jambo moja la kufanya wiki hii halingoji uamuzi wowote. Viola ya skuli inarudi Juni, na ya akiba ya mwalimu huenda hairuhusiwi kusafiri, au hana bima yake. Mpeleke binti kwenye duka la fidla akapimwe mkono, maana viola zina saizi na ya kukopa kopa huumiza bega, mkaulize bei ya kukodi kwa mwezi na kama kodi inahesabiwa kwenye kununua baadaye. Akisafiri kwa ndege, aibebe mkononi: tangu kanuni ya 2015 mashirika ya ndege ya Marekani yanatakiwa kukubali ala ndogo ndani ya ndege ikiwa nafasi ya kuiweka ipo anapopanda, kwa hiyo awahi kupanda. Asipokwenda popote, ataihitaji zaidi.

Shangazi